Sehemu ya 23: Sabufa ya mjomba

Leo siwaletei kisa cha wodini. Ni cha nyumbani kwangu hapa Rau, na aibu yangu imo humo humo.

Mdogo wangu alikuja likizo na sabufa yake na flashi iliyojaa muvi za kutisha. Ijumaa nikatoka zamu nikafika kama saa nne usiku, mwanangu wa miaka mitano bado macho makavu, kajibanza kwa mjomba wake. Muvi yenyewe Phenomena, ya Dario Argento, ya mwaka 1985. Nilikuwa hoi. Nikamlaza.

Haikupita saa moja na nusu, mayowe! Amekaa kitandani, macho wazi, jasho linamtiririka, ananisukuma kama hanijui. Bibi yake akaanza maombi, anasema mtoto kaingiliwa. Mimi, ninayewafundisha nyie kila wiki, nikamtikisa, nikamzaba kofi eti aamke. Akazidi. Baada ya dakika kama kumi akalala mwenyewe.

Mama, ile si mashetani. Ni hofu ya usingizini, hutokea saa za mwanzo za usiku, mtoto hajaamka kabisa na asubuhi hakumbuki. Ndoto mbaya ni kitu kingine: huja zaidi kuelekea alfajiri, na hiyo atakusimulia. Kinachochochea hofu hii mara nyingi ni kukosa usingizi, au homa. Wangu hulala saa mbili! Usimwamshe kwa nguvu. Ondoa vya kumuumiza, kaa karibu, subiri.

Ila akikakamaa, akitetemeka viungo, au ikimtokea mchana, mlete hospitali, hiyo tunataka kuiangalia.

Kesho yake nikaiangalia muvi peke yangu. Msichana wa shule huko Uswisi anatembea usingizini (hofu ya usingizini na kutembea usingizini ni ndugu wa tumbo moja, nikacheka kwa uchungu). Umetulia, ghafla Iron Maiden na Motörhead wanavamia na magitaa ya hevi metali. Nikazima sauti. Jamani, hofu ikapungua nusu! Mtoto anaweza kufumba macho, lakini mlio wa sabufa unampiga hadi kifuani.

Nikamwambia mdogo wangu ukweli. Akaumia: "Dada, usiniambie muziki wangu ni wa shetani." Sikusema hivyo. Nilisema saa nne usiku, na miaka mitano. Tukakubaliana muvi hizo ni mtoto akishalala, na kwa spika za masikioni.

Bibi yake bado hajashawishika, anaweka Biblia chini ya mto. Haina madhara, nimeiacha.

Mtoto je? Hakumbuki kitu, hata kofi. Asubuhi nilimkuta uani kageuza ndoo ya kufulia, anaipiga kwa mwiko wangu wa ugali, anamwita mjomba aje aimbe.