Kashata za Katubuka

Ukishuka katika gari la moshi pale Kigoma, mwisho wa ile reli iliyofika ziwani mwaka 1914, utasikia wageni wakiuliza njia ya Ujiji. Wanataka kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone. Ni haki yao. Lakini kabla hujafika Ujiji iko Katubuka, karibu na uwanja wa ndege na lile bwawa ambalo miaka ya mvua kubwa maji yake huingia majumbani mwa watu. Wageni hawasimami hapo. Leo nakuomba usimame kidogo, maana nataka tuzungumze habari za kashata.

Wako watakaosema kwamba kashata ni kitu cha watoto. Basi waulize kina mama wanaoipika. Mama huamka alfajiri na kilo moja ya sukari, kilo moja ya karanga na mkaa wa kutosha jiko moja. Huo ndio mtaji wake, na wote utaingia katika sufuria moja. Sukari ikiiva sawasawa, jioni atapata fedha ya kununua nyingine, na faida itatoa daftari la mtoto na dagaa za mboga. Sukari ikiungua, hata mbuzi hali. Tofauti ya hayo mawili ni kama dakika moja tu.

Tazama vitu vyenyewe vitokako. Karanga hulimwa huku huku mkoani. Chumvi, maana mpishi hodari hutia chembe chache, ni ya Uvinza, ambayo watu wa nchi hii waliichemsha na kuifanyia biashara kabla wazee wa wazee wetu hawajazaliwa. Kahawa ya kunywea hulimwa milimani, upande wa Kalinzi. Sukari peke yake ndiyo mgeni. Hutoka Kilombero, Mtibwa, Kagera au Moshi, na kila mwendo huongeza bei. Mwanzo wa mwaka 2024 iliadimika nchi nzima, kwa sababu mvua za El Niño zilizuia kazi katika mashamba na viwanda vya miwa, hata Serikali ikaweka bei elekezi. Siku zile sinia nyingi zilikaa tupu.

Sasa tuje jikoni. Kaanga karanga kwa moto mdogo, ukigeuza daima, mpaka zinukie na ganda lake jekundu litoke kwa kusugua. Zifikiche, uzipepete katika ungo. Ziweke karibu na jiko zisipoe, maana karanga baridi zikitiwa katika sukari ya moto huigandisha kabla hujakoroga, nawe utapata mabonge badala ya kashata.

Weka sukari vikombe viwili sufuriani pamoja na maji nusu kikombe. Koroga mpaka iyeyuke, kisha uache. Narudia: acha. Hapa ndipo wasichana wengi wanaojifunza huharibu kazi. Maji yakichemka hutamani kuchezesha mwiko, na sukari iliyokwisha yeyuka ikichezewa hurudi kuwa chembechembe nyeupe kama mchanga. Matone machache ya ndimu huzuia jambo hilo, kwa kuwa ukali wa ndimu huivunja sukari isiweze kushikamana tena kwa urahisi. Mwanzo mapovu huwa makubwa na mepesi. Baadaye huwa madogo na mazito, na rangi hugeuka kuwa ya asali. Hapo usiende kumjibu jirani mlangoni.

Utajuaje kwamba imeiva? Dondosha tone moja katika kikombe cha maji baridi. Likifanya kidonge laini kinachobonyea kwa kidole, bado. Likiwa gumu na kuvunjika kwa mlio kama kioo, tayari. Tia karanga zako vikombe viwili na ile chumvi, koroga upesi, mimina juu ya sinia iliyopakwa mafuta, kisha bapiza kwa chupa iliyopakwa mafuta pia. Usipake mawese, ijapokuwa sisi wa Kigoma twayapenda katika maharage. Yataacha rangi na harufu yake. Kata vipande ingali moto. Ukingoja ipoe, kisu kitaivunja ovyo, nawe utauza vigae.

Vitabu vya mapishi vya Ulaya hupima sukari kwa kipimajoto, kidonge laini digrii 115 hivi, kioo digrii 150 hivi. Lakini ziwa letu liko zaidi ya mita 760 juu ya bahari, na huku juu maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Kwa hiyo namba za kitabu hupungua digrii mbili tatu. Kikombe cha maji baridi hakina haja ya hesabu hizo.

Kashata ya nazi ni habari nyingine. Hiyo haingoji kioo. Nazi iliyokunwa hupikwa pamoja na sukari na hiliki, na huepuliwa wakati wa kile kidonge laini. Kisha mpishi huikoroga kwa nguvu mpaka iwe nzito na ianze kufanya chembe. Yaani kile kilichokuwa kosa katika kashata ya karanga ndicho kinachotakiwa katika kashata ya nazi. Ukiitia mdomoni haivunjiki, humumunyuka.

Na hapa naomba turudi kwa yule Livingstone, maana alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Blantyre mwaka 1813, na Waskoti wana kitamu chao ambacho ni ndugu kabisa wa kashata ya nazi. Wao hukiita tablet. Huchukua sukari inayokaribia kilo moja, siagi kama gramu 115, kopo moja la maziwa mazito matamu na kikombe kimoja cha maziwa ya kawaida. Huyeyusha polepole, huchemsha wakikoroga ili maziwa yasishike chini, hupima tone katika maji baridi mpaka lifanye kidonge laini, kisha huepua na kupiga kwa mwiko hadi mkono uume. Wakiona weupe wa chembe unaanza ukingoni mwa sufuria humimina na kukata. Kitamu hicho ni cha zamani. Kimetajwa katika daftari la matumizi ya nyumba la Grisell Baillie, bibi mmoja wa Uskoti aliyefariki mwaka 1746. Maziwa ya kopo yalikuja baadaye sana, baada ya Mmarekani Gail Borden kupata hati ya ufundi wake mwaka 1856.

Wapishi wa pande mbili za dunia, wasioonana kamwe, wote wanatazama tone moja katika kikombe. Mama wa Katubuka mwenye harusi nyumbani na kopo la maziwa kabatini anaweza kupika cha Waskoti kesho asubuhi, bila kufundishwa upya. Ajihadhari tu na mkaa mkali, maana maziwa huungua haraka kuliko nazi.

Lakini utamu huo una historia isiyo tamu. Uskoti haioti miwa. Sukari yao ililetwa kwa meli mpaka Glasgow na Greenock kutoka visiwa vya Karibi, ilikolimwa na watumwa waliotolewa Afrika. Na sisi tusijione tuko mbali na mambo hayo. Katika karne ile ya 19 miwa ya Pangani ililimwa na watumwa, na Ujiji hii hii ilikuwa soko la pembe na la watu. Watu waliovushwa ziwani kutoka Manyema waliuzwa hapa au wakapelekwa pwani kwa miguu. Oktoba 1871 Livingstone mwenyewe alirudi Ujiji hoi kutoka Manyema, akiwa ameona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe, akakuta mali aliyoletewa imekwisha uzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Wageni wakielezwa chini ya miembe ya Ujiji jinsi alivyoamkiwa na Stanley, yafaa waelezwe na hayo.

Tuendelee na kazi. Kuna jambo moja ambalo halipaswi kufanyiwa mzaha, nalo ni karanga mbovu. Karanga zilizonyeshewa au kuwekwa mahali pa unyevu huota ukungu, na ukungu huo huweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii hudhuru ini, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoingia ukungu. Wauzaji wengine huzinunua karanga za namna hiyo kwa sababu ni rahisi, wakisema moto na sukari vitafunika. Sukari hufunika ladha tu. Moto wa kukaangia hauimalizi sumu. Basi kabla ya kukaanga, mwaga karanga juu ya ungo mahali penye mwanga, toa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye vumbi la kijani au la manjano, ukazitupe. Usiwape kuku. Kilo itapungua, ndiyo, na ni afadhali kuongeza bei kidogo kuliko kumlisha mtoto wa mwenzio kitu usichompa wako.

Kuweka kashata huku ziwani nako kuna elimu yake. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa imejaa maji. Kashata ya karanga, kwa kuwa sukari yake imeganda kama kioo, hunyonya maji hayo hewani. Asubuhi ilikuwa ngumu, jioni inanata vidoleni, kesho yake vipande vyote vimekuwa kimoja. Dawa ni kungoja ipoe kabisa, kuifunga kila kipande katika karatasi ya nailoni, na kuitia ndani ya kopo la bati lenye kifuniko cha kubana. Ukiifunga ingali vuguvugu, jasho lake litailowesha humo humo. Ile ya nazi hainati sana, maana sukari yake imekwisha kuwa chembe, lakini mafuta ya nazi huchacha, kwa hiyo iliwe katika siku chache. Tablet ya Waskoti, isiyo na nazi, hukaa wiki mbili tatu katika kopo kavu.

Mwuzaji hodari hupika kidogo kidogo. Anatazama mwezi pia. Wavuvi wetu wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, na fedha mitaani hupungua. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Ilikuwa kwa faida ya ziwa, lakini mtu asiyeuza dagaa hanunui kashata. Majuma kama hayo kilo nzima ya sukari isiingie sufuriani, robo yatosha.

Na kula? Kashata hailiwi kwa haraka. Jioni, kwenye baraza za Ujiji, mwuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe. Kahawa ni chungu, haina sukari hata chembe, nayo imekusudiwa hivyo. Unauma kashata kidogo, unapiga funda moja, na ule uchungu unaukata utamu. Wazee wana bao, vijana wana habari za mpira. Kipande kimoja hutosha vikombe viwili. Anayekula vipande vitatu kwa kikombe kimoja hajui kahawa wala kashata, na meno yake yatamwambia. Idi Waislamu huwapelekea majirani Wakristo, na Krismasi sahani hurudi haijawa tupu.

Ukitaka kuwapelekea jamaa zako Tabora au Kasulu, nunua asubuhi, zikiwa kavu. Onja moja kwanza. Ikivunjika kwa mlio, lipa. Kopo libebe mkononi, na kama umenunua migebuka iliyokaushwa, iweke katika kikapu kingine kabisa.