Gari Imefika na Meli, Apu Imebaki Japani

Kama unanifuata tangu zamani, unakumbuka ile video niliyoifanya Ami wangu alipoleta gari ya umeme. Nilisimama nje ya Fort Jesus, simu mkononi, nikasema kwa madaha: "Sasa gari inaongea na simu!" Leo nakiri. Haikuwa inaongea. Kile kioo nilichowaonyesha ilikuwa picha ya apu niliyoitoa kwa intaneti. Nilijiambia apu yenyewe nitaiunganisha baadaye, si ni dakika tano tu?

Uongo ule ulimharibia Ami kazi ya siku nzima.

Ami ni dereva wa teksi. Mwaka 2023 petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita, aliuza gari yake ya zamani, akaongeza akiba, akanunua ya umeme iliyotumika kutoka Japani. Mimi ndiye niliyemshawishi. Sasa Ami anakaa Kibokoni, na mnaijua mitaa ya Mji wa Kale, vichochoro vingine hata mkokoteni unapumua kwa shida. Gari haifiki mlangoni. Kwa hivyo inachajiwa Tudor, kwa Shangazi, ambaye ana uwanja. Nikamwambia Ami asijali, atalala kwake Kibokoni na simu itamwonyesha chaji imefika wapi.

Siku moja alipata mteja wa Malindi, kwenda na kurudi. Hiyo ni kama kilomita 120 kila upande, pesa nzuri. Saa tatu usiku akachomeka gari pale Tudor, akarudi zake nyumbani. Saa tano tokeni za Shangazi zikaisha. Stima ikakatika, watu wote wamelala. Alfajiri Ami alipofika alikuta asilimia 38. Mteja hakusubiri, akachukua gari nyingine.

Ami hakunifokea, na heri angefoka. Alikuja akaketi barazani, akaniita, nikaitika "labeka Ami". Akasema taratibu, "Mwanangu, si ulisema gari hii yanena na simu? Mbona haikuninenea?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo nikaanza kutafuta kwa kweli tatizo liko wapi.

Kwanza nilifanya yale tunayofanya sote. Nilifuta apu nikaiweka tena, nikazima simu nikaiwasha. Nikabadilisha akaunti yangu isome niko Japani, apu ikaja yote kwa Kijapani, nikaitafsiri neno kwa neno. Mwisho ikataka usajili wa mwenye gari aliyeko Japani. Hapo nikafika ukutani.

Kumbe nilikuwa nimeielewa vibaya tangu mwanzo. Nilidhani simu na gari vinaongea ana kwa ana. Apu ya kampuni haiko hivyo. Simu yako inatuma ujumbe kwa seva ya kampuni, seva inaupeleka kwa laini iliyofungwa ndani ya gari, kisha gari inajibu kwa njia ileile. Ndio, gari ina laini yake, kama simu. Na ile laini ilisajiliwa kwa mtandao wa Japani. Ikifika Bandari ya Mombasa haina wa kumpigia. Gari ni nzima, simu ni nzima, katikati ndiko hakuna mtu.

Tena dalili tunazo kila siku. Redio za magari mengi ya Japani zinaanzia 76 na zamani ziliishia 90, kwa hivyo stesheni zetu nyingi hazishiki mpaka fundi aongeze kifaa. Na yule dada wa Kijapani anayeongea kila ukiwasha gari? Anakuambia hujaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Miaka yote tunamcheka, kumbe anatueleza wazi kwamba gari bado inadhani iko kwao.

Kampuni ya gari ya Ami siitaji, manake shida hii si ya mmoja. Marekani, mtandao wa AT&T ulipozima 3G mwezi Februari 2022, magari ya kampuni mbalimbali yalipoteza huduma za simu. Uingereza, mwaka 2024, wenye Nissan Leaf zilizotengenezwa kabla ya Mei 2019 walifungiwa apu yao. Hao walinunua magari kwao na mengine yakiwa mapya kabisa, bado wakakatiwa. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: gari unanunua, apu unaazimwa. Mwenyewe akiitaka anaichukua.

Katika pitapita zangu nilipata fundi mmoja hapa mjini aliyetaka 15,000 "kuifungua" apu. Nikamuuliza maswali matatu: laini itakuwa ya nani, seva ya nani, na mwezi ujao nani analipia? Akakasirika. Yaani fundi akikasirishwa na maswali matatu, pesa zako zirudishe mfukoni.

Kilichosaidia ni njia ya pili, ambayo haipiti Japani. Chini ya usukani kuna tundu la kupimia gari, linaitwa OBD2. Unachomeka kidude cha Bluetooth, unaweka kwa simu apu ya kusoma betri inayokubali gari yako, na hapo sasa simu na gari vinaongea ana kwa ana kweli. Cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha bei ya chini, kikaunganika lakini hakikuleta hata namba moja. Cha pili kikakubali. Usipate tabu niliyoipata mimi, angalia haya:

Gari iwe imewashwa kabisa, si redio tu. Kwenye Android, ipe apu ruhusa ya vifaa vilivyo karibu na ya mahali ulipo, bila hizo simu nyingi hazitakiona kidude. Kikiomba namba ya siri, jaribu 1234 au 0000. Hakikisha simu nyingine haijakishika, maana vingi vinaongea na simu moja tu kwa wakati mmoja. Wenye iPhone, vile vya Bluetooth ya kawaida vinawakataa, tafuteni kinachosema LE au cha waifai. Ukimaliza kitoe, kikiachwa humo kinaweza kunyonya ile betri ndogo ya volti 12 mpaka gari ikatae kuwaka.

Kwa mara ya kwanza tuliona afya halisi ya betri: asilimia 81. Ami alikodolea macho ile grafu kama anatazama mechi ya fainali. Akasema, "Kumbe hii ndiyo gari niliyonunua." Alijua sasa mwisho wake ni wapi na atamkubalia mteja gani.

Lakini Bluetooth haitoki Tudor hadi Kibokoni. Siku moja Ami aliegesha karibu na nyumbani, nikajaribu kusoma nikiwa ndani. Wapi! Kuta zetu za mawe ya matumbawe, nene vile, zilikata mawasiliano nilipovuka tu kizingiti. Kwa hivyo ile ahadi yangu ya kulala huku ukiona chaji bado ilikuwa uongo.

Dawa yake haikuwa na teknolojia yoyote. Kwa ile chaja ya ukutani, usiku mmoja unaweza kula yuniti zaidi ya 20. Sasa kabla ya kuchomeka, Ami anaangalia mita kwanza na kununua tokeni mwenyewe. Na Shangazi, ambaye huamka usiku kuswali, anachungulia uwanjani. Taa ya chaji ikiwa imezimika, anamflashi Ami. Mlio mmoja tu, hapokei mtu, hailipwi senti. Tangu tuanze hivyo chaji imekatika mara mbili, na mara zote mbili Ami aliamka, akanunua tokeni, akawahi kazi.

Ile video sijaifuta. Nimeandika juu yake kwa herufi kubwa: APU HII HAIFANYI KAZI MOMBASA. Wengine mmenitumia meseji kwamba mlishawaambia wazee wenu wanunue kwa sababu yangu. Niwieni radhi, na waambieni mapema, kabla ya siku ya mteja wa Malindi.

Haya, wewe mwenye gari ya Japani, yako inanena na simu? Sema ukweli, usiwe kama mimi.