Chuma Kilivyorudi Kwenye Road Runner

Katika gereji ya Detroit nilikoanzia kazi miaka ya 1990, rimu za chuma zilirundikwa nyuma ya uzio zikaliwa na kutu. Likiingia gari la Kimarekani la miaka ya 60, lile la injini kubwa na bodi ya kawaida, kazi ya kwanza ilikuwa kulivua chuma na kulivisha Cragar S/S za kromu. Rimu hizo zilianza kuuzwa mwaka 1964, na waliozitamani wakiwa vijana sasa walikuwa na fedha za kuzinunua. Nami nilitoka Mombasa, ambako spoti rimu zilikuwa alama ya mwenye uwezo, kwa hiyo sikuona la ajabu.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja, mstaafu wa kiwandani, mwenye Plymouth Road Runner ya mwaka 1969 aliyoinunua ikiwa mpya. Kromu hakutaka hata kuisikia. Alinikumbusha kwamba Road Runner ilipotoka mwaka 1968 bei yake ilianzia dola 2,896. Kwa bei hiyo ulipata injini ya inchi za ujazo 383 yenye nguvu za farasi 335, kiti kimoja kirefu cha mbele, sakafu ya mpira isiyo na zulia, na rimu za chuma zenye vifuniko vidogo katikati. Fedha za mfanyakazi ziliingia kwenye mwendo, si kwenye mapambo. Nikaelewa kwamba rimu zile ni sehemu ya maana ya gari lenyewe.

Taratibu wateja nao wakageuka. Kwenye Woodward Dream Cruise, msafara wa magari ya zamani ulioanza mwaka 1995 na unaofanyika mwezi wa Agosti katika vitongoji vya Detroit, nilianza kuona watu wakiinama kusoma tarehe iliyogongwa kwenye chuma, wahakikishe kwamba rimu na gari ni za kipindi kimoja. Rundo letu la nyuma ya uzio likaisha. Baadaye zikaja rimu mpya zilizotengenezwa kwa sura ya zamani, na hapo ndipo ufundi unapohitajika.

Rimu za awali za Road Runner zilikuwa inchi 14 kwa 5.5. Wengi sasa hufunga breki za diski mbele, na seti nyingi za diski haziingii ndani ya inchi 14, basi tunapanda hadi 15 kwa 7. Mimi huifunga rimu tupu kwanza, bila tairi, naizungusha kwa mkono na kukata usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, nikitazama nafasi kati ya chuma na kalipa. Nyuma, jeki naiweka chini ya ekseli, kamwe si chini ya bodi, ili springi zibebe uzito kama barabarani; usipofanya hivyo, tairi litaonekana limekaa vizuri, kumbe litakwangua madigadi kwenye tuta la kwanza. Na rangi nzito isibaki kwenye matundu ya nati. Rangi hubonyea, nati inalegea, hata kama ulikaza kwa spana ya kipimo. Kwa hiyo, baada ya safari fupi ya kwanza, nakaza tena.

Upande wa dereva, yaani kushoto, una jambo lake. Stadi za magurudumu ya Road Runner ya yule mzee zimegongwa herufi L kwenye ncha: uzi wake ni wa kushoto, nati hufunguliwa kwa kuizungusha kuelekea kulia. Nimeona stadi ngapi zilizokatwa na watu wenye nguvu na haraka! Wapo wanaozibadilisha zote ziwe za kulia. Mimi naziacha zilivyotoka kiwandani, na kijana anayejifunza kwangu namwonyesha herufi ile kabla hajashika spana.