Mpira Mmoja kwenye Mchanga wa Baraka

Utashangaa kuona mchungaji wa Baraka anakuandikia habari za golfu. Hapa Fizi huo si mchezo wetu, na nikiutaja vijana wa kanisa wanacheka: “Pasta, hiyo ni michezo ya matajiri!”

Wana haki ya kucheka. Lakini zamani, nilipokuwa shule ya Biblia Lubumbashi, siku za Jumamosi niliwabebea wachezaji mifuko yao ya fimbo ili nipate pesa ya sabuni na daftari. Mji ule una hata mtaa mzima unaoitwa Golf. Mfuko mmoja unaruhusiwa fimbo 14, na bega langu linazikumbuka zote. Niliona jambo moja pale. Kila mtu alipenda fimbo ndefu, ile ya kupeleka mpira mbali mpaka wenzake wapige makofi. Halafu akifika hatua mbili tu na shimo, anakosa, anakosa tena. Fanya hesabu mwenyewe: kiwanja cha mashimo 18 ambacho mchezaji hodari anategemewa kukimaliza kwa mapigo 72, mapigo 36 kati ya hayo ni ya kusukuma mpira polepole karibu na shimo, mawili kwa kila shimo. Ni nusu nzima! Na shimo lenyewe lina upana wa sentimeta 10,8 tu.

Nilipomaliza masomo, mzee mmoja alinipa fimbo ya chuma iliyochakaa na mipira miwili. Vilikaa juu ya kabati miaka mingi.

Sasa nikuambie kwa nini nilivishusha. Mtoto wangu wa kiume, wa miaka 17, aliacha shule akaenda Misisi kwenye dhahabu. Karo ilikuwa haijalipwa, na hilo lilikuwa kosa langu. Nilimfuata kwa pikipiki nikamkemea mbele ya wenzake, palepale kwenye mdomo wa shimo, Biblia mkononi. Hakujibu neno. Nikarudi peke yangu, na njia yote mpaka Baraka nilikuwa bado nauhubiria mgongo wa mwendesha pikipiki.

Miezi mitano baadaye aliletwa nyumbani na malaria. Alipona, lakini kimya. Salamu anaitika, ugali na mikebuka anakula, basi. Jioni moja nikamwambia twende ziwani, nina kitu cha kukuonyesha.

Usidhani mchanga haufai. Severiano Ballesteros wa Uhispania, aliyezaliwa mwaka 1957, alijifunza utotoni kwenye mchanga wa ufukwe wa Pedreña, kwa fimbo moja ya chuma, namba 3. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open kule Nairobi, na 1979 akashinda British Open.

Mtoto wangu alishika fimbo kama sururu. Akapiga kwa nguvu zote za Misisi, na mpira ukaruka kuelekea Ubwari, ukazama. Ukabaki mmoja. Nikautia mfukoni.

Basi tukaanza bila mpira. Ukitaka kujaribu, hata ufimbo wa mti wenye kichwa kilichopinda unatosha. Chora mstari kwenye mchanga, usimame ukiwa umeuweka katikati ya miguu, kisha zungusha fimbo na utazame inauma wapi. Ikichimba nyuma ya mstari, uzito wako umebaki mguu wa nyuma, na mpira ungekuwepo ungepigwa vibaya. Inatakiwa iume juu ya mstari au mbele yake kidogo. Yeye alichimba nyuma mara ishirini hivi. Nikamwambia aunganishe miguu, visigino vigusane, apige kwa nusu ya nguvu. Ukivuta kwa hasira katika hali hiyo, unaanguka. Akaanguka kweli, na nikamsikia akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi. Siku nyingine tulibana kitambaa kwenye makwapa yote mawili, apige nusu mzunguko bila kukidondosha, ili mikono iende pamoja na kifua.

Kwa mpigo mfupi nilitandaza kitenge cha mama yake hatua tano mbele. Mpira uangukie pale, halafu ujiviringishe wenyewe. Uzito mguu wa mbele, mikono itangulie kichwa cha fimbo, na usijaribu kuuchota mpira kama unga. Fimbo ishuke, mpira utapanda. (Kitenge kile tulikirudisha na mchanga, na mama alisema yake.)

Mwisho tulifukia kopo la maziwa ya unga pale mchanga ulipo mbichi na mgumu. Nilisimamisha vijiti viwili kama mlango mdogo, fimbo ipite katikati bila kuvigusa. Toka hatua moja, mara kumi mfululizo. Ukikosa hata ya tisa, unaanza upya. Zoezi hili ni refu, linachosha, na watu wawili hawana pa kukimbilia ila kusimama pamoja.

Jioni ya nne alikuwa amefikisha saba. Akasema bila kuinua macho:

“Papa, nina deni.”

PDG wa shimo alikuwa amemlisha, amempa buti na tochi, na deni lilihesabiwa kwa gramu za dhahabu ambazo shimo lilikuwa halijatoa. “Siku ile ulipokuja nilitaka kukuambia. Hukuniacha niseme.”

Msomaji, nimehubiri mara nyingi kuhusu ulimi, Yakobo sura ya 3. Maneno yalikuwa yamekwisha kujaa mdomoni mwangu: karo, jina la familia, machozi ya mama. Nikatazama mpira.

“Piga ya nane,” nikamwambia.

Akakosa. Tukaanza moja.

Jumatatu tulikwenda Misisi wote wawili. Miye nilikaa kivulini, yeye akazungumza mwenyewe na PDG. Sehemu ya deni nimelipa kwa mbuzi wawili, sehemu aliomba aifanyie kazi mpaka mwisho wa mwezi, na sikumkatalia. Mpira alibaki nao mfukoni. Fimbo sikuirudisha juu ya kabati, iko mlangoni.