Vina vya Kati

Mtu akisomewa shairi mara moja, kisha akaulizwa amebakiwa na nini sikioni, aghalabu atataja kituo. Mstari ule unaorudi kila ubeti humganda hata asipotaka. Akijaliwa sikio zuri zaidi, atakumbuka na vina vya mwisho. Vina vya kati, vile vinavyoufunga ukwapi na kuufungulia utao mlango, hupita kama mgeni aliyeingilia uani: ametimiza kilichomleta, ameaga, na wenye nyumba hawakuona alivyovaa. Ilhali ni vina hivyo vinavyoishika mizani kumi na sita isimwagike njiani.

Kandanda nayo ina vituo vyake na vina vyake. Kituo ni bao. Hilo halina mjadala. Kina cha mwisho ni mlinda mlango, kwa kuwa naye yupo mahali ambapo jambo hukatika, likawa au lisiwe. Waliobaki ni wa kati. Kiswahili kimemwita mchezaji wa katikati ya uwanja kiungo, na neno hilo halikuokotwa. Kiungo ni pale mfupa unapokutana na mfupa mwenziwe. Mwenye magoti mazima hupitisha mwaka bila kuyataja. Kiungo pia ni iliki na bizari chunguni. Pilau ikikolea husifiwa mpishi, ikiwa chapwa ndipo watu huuliza viungo vilikwenda wapi.

Swali la nani hukumbukwa na nani husahauliwa katika timu zilizowahi kulipa taifa furaha lina uzito wa pekee katika mahali kama Chuno. Chuno ni kata ya mji wa Mtwara, pembe ya kusini kabisa ya pwani ya Tanzania, si mbali na pale mto Ruvuma unapoingia baharini na Msumbiji kuanza. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa mbali kuliko ramani inavyoonyesha. Daraja la mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo gari lilingoja kivuko, na masika yakikaza barabara ilikatika, msafiri akabaki kuitazamia meli. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu mapema miaka ya 1970. Kwa hiyo mtu wa Chuno wa zama hizo alimwona mchezaji wa Taifa Stars kwa masikio. Mchezaji aliishi kinywani mwa mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, katika sauti za watu kama Ahmed Jongo, na betri za redio zikifa, naye alikufa nazo.

Mpira wa redio una utamu wake, na una dhuluma yake. Mtangazaji huufuata mpira; asiyeguswa na mpira hatajwi. Beki aliyesimama mahali pake barabara, hata mshambuliaji akaghairi na kupitia upande mwingine, huyo amefanya kazi kubwa isiyo na sauti. Anayesikiliza Chuno hawezi kujua kwamba kuna mtu amekaba njia. Husikia tu kwamba wapinzani wamerudisha mpira nyuma, na hudhani wameogopa.

Hivyo ndivyo timu ya mwaka 1980 ilivyohifadhiwa. Mzee mmoja wa Chuno, aliyekuwa mchukuzi bandarini ujanani mwake, huisoma timu ile kama asomaye uradi. Huanza golini kwa Juma Pondamali, kwa sauti kavu na ya uhakika. Hupita kwa Jellah Mtagwa, nahodha, ambaye picha yake ilipata kuwekwa kwenye stempu. Humtaja Leodegar Tenga, kwa kuwa Tenga baadaye aliliongoza shirikisho la soka la nchi tangu 2004 hadi 2013, na jina lake halikupata nafasi ya kupoa. Kisha sauti hushuka, majina yakawa manung'uniko, mpaka inapopanda tena kwa Peter Tino.

Siku moja kijana alimuuliza: “Babu, na kule Lagos waliofunga ni nani?”

“Tino, nani tena?”

“Tino alifunga Ndola, babu.”

Mzee akanyamaza. Alikuwa na haki ya kunyamaza, maana kosa hilo si lake peke yake. Ni la nchi nzima.

Kisa chenyewe ni hiki. Agosti 1979, miezi michache tu baada ya vita vya Kagera, Taifa Stars ilikwenda Ndola kurudiana na Zambia ikiwa na ushindi wa bao moja wa Dar es Salaam. Mchezo ukaisha bao moja kwa moja, na bao la Tanzania lilifungwa na Peter Tino. Kwa bao hilo Tanzania ikapata kwenda kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Ndilo lililobaki. Nchi iliyokuwa imechoka kwa gharama za vita ilipewa jina moja la kushangilia, ikalishika kwa mikono miwili.

Lakini safari haikuishia Ndola. Machi 1980 timu ilisimama Lagos, katika kundi la Nigeria, Misri na Ivory Coast. Wenyeji Nigeria, ambao ndio waliolitwaa kombe mwishoni, waliifunga mabao 3 kwa 1. Bao hilo moja, la kwanza kabisa la Tanzania katika fainali hizo, lilifungwa na Juma Mkambi, yule aliyeitwa Jenerali. Misri wakashinda 2 kwa 1. Mchezo wa tatu, dhidi ya Ivory Coast, ukawa sare ya 1 kwa 1, na Tanzania ikarudi nyumbani na pointi moja. Mabao yote mawili, la Misri na la Ivory Coast, yalifungwa na mtu mmoja: Thuwein Ally.

Hesabu hiyo inastahili kukaliwa kitako. Mabao matatu Lagos, mawili ya Thuwein. Tanzania haikurudi kwenye fainali hizo hadi mwaka 2019 kule Misri, na bao lililofuata lilipatikana mwezi Juni mwaka huo, Saimon Msuva alipowafunga Kenya. Kwa miaka 39, basi, bao la mwisho la Tanzania katika jukwaa kubwa la Afrika lilikuwa la Thuwein Ally. Watoto walizaliwa, wakaoa, wakazaa, bao likiwa lile lile. Na bado jina lake halikupanda kwenye sauti ya mzee wa Chuno.

Sababu yaweza kuwa kwamba bao la Tino lilifungua mlango, na mabao ya Thuwein yalifungwa ndani ya nyumba ambayo wenyewe hawakukaa. Watu humkumbuka aliyewaingiza harusini. Aliyekula vizuri pale ndani hana wa kumsimulia. Haipunguzi sifa ya Tino hata chembe. Ila yaonyesha kwamba hata mfungaji aweza kugeuka kina cha kati, ikiwa shangwe imekwisha kumwagwa mahali pengine kabla yake.

Ikiwa mfungaji amesahauliwa, itakuwaje kwa wasiofunga? Leopold Mukebezi, Mohamed Kajole, Salim Amir, Hussein Ngulungu, Ahmed Amasha, Mohamed Salim: hawa nao ni wa kikosi kile kile. Yapo masikio yatakayosimama kwa kuyasikia majina haya, ya watu waliopita miaka sitini. Chini ya umri huo, ni majina tu, kama majina ya majahazi yaliyokwisha kuvunjwa. Mkambi mwenyewe, mfungaji wa bao la kwanza, alifariki mwaka 2010, na tangu hapo kila mwaka umekuwa ukichukua haki yake.

Yaweza kudhaniwa kwamba tatizo lilikuwa redio, na kwamba picha zingetenda uadilifu zaidi. Mwaka 2003, mwaka ule ule wa daraja la Rufiji, Simba ilikutana na Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Simba ilishinda 1 kwa 0 Dar es Salaam, ikafungwa 1 kwa 0 Cairo, na mikwaju ya penalti ikaamua: 3 kwa 2, Simba ikapita. Jina lililotoka Cairo likiwa limevaa taji ni la Juma Kaseja, mlinda mlango, na kwa haki kabisa. Penalti ya mwisho, ile iliyoufunga usiku, ilipigwa na Christopher Alex, kiungo. Mara moja katika maisha kina cha kati kilipewa kazi ya kituo, nacho kikaikamilisha. Alifariki Dodoma, baada ya kuugua, kabla miaka kumi haijatimia tangu usiku ule. Waliokuwa wakubwa mwaka 2003 wanaijua penalti hiyo. Vijana wengi wanaovaa jezi nyekundu leo wanajua kwamba Zamalek alitolewa. Aliyemtoa, watakwambia, ni Simba.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zaidi ya kumbukumbu za barazani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma za pwani kutunza si maneno. Ni kumfikia mchezaji pale anapocheza, ukambandika noti usoni, kila mtu akaona. Mchezaji wa mpira naye alitunzwa hivyo, papo kwa papo, jasho likali bichi. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na wajibu. Wengi wa zama zile walicheza kwa posho, wakiwa waajiriwa wa mashirika au hawana ajira kabisa, na goti lilipokwisha ndipo riziki ilipokwisha. Akiugua mzee wa namna hiyo, bakuli hupitishwa; na bakuli hujaa kwa kadiri jina lake linavyojulikana. Mwenye jina hupelekwa hospitali kubwa. Aliyekuwa beki namba mbili hungoja wajukuu wamweleze daktari kwamba babu alikuwa mchezaji, na daktari aitikie kwa adabu tu. Kusahauliwa, kwa mtu huyo, ni dawa isiyonunuliwa.

Hata viwanja vyetu vina lugha yao katika hili. Uwanja wa Mtwara huitwa Nangwanda Sijaona, kwa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa kusini aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Uwanja mkubwa wa Dar es Salaam tangu mwaka 2020 ni wa Benjamin Mkapa, naye ni mwana wa Masasi. Mbeya wana Sokoine, Shinyanga wana Kambarage. Arusha wana Sheikh Amri Abeid, na hapo mpenzi wa ushairi hutabasamu, kwa maana Sheikh Kaluta Amri Abeid, pamoja na uwaziri wake, ndiye aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi. Malenga amepata uwanja. Mwenye kuucheza mpira wenyewe bado yuko nje ya lango.

Miji midogo ingefaa iwe na kumbukumbu ndefu, kwa kuwa ina machache ya kukumbuka. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa wa Bara mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Mtwara haijapata ubingwa huo. Ilichopata ni Ndanda, Wana Kuchele, jina la Kimakonde la watu waliokuchewa. Walipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, wakafungua kwa kuifunga Stand United mabao 4 kwa 1 huko huko Shinyanga, na kwa misimu sita Simba na Yanga walilazimika kuja kusini kulitafuta tokeo Nangwanda Sijaona. Mwisho wa msimu wa 2019/20 wakashuka. Chuno wanayajua matokeo hayo vizuri sana. Ukiuliza nani alicheza namba sita siku ya Shinyanga, mazungumzo huhamia kwenye bei ya korosho.

Beti moja yawatosha salamu hao wa kati, wa Lagos na wa Mtwara:

Mlio nyuma ya jina, nanyi mlitoka jasho,
Mpira mkikazana, toka mwanzo hadi mwisho,
Leo hamtajwi tena, si kwa chai si kwa posho,
Kina cha kati hushika, beti isiporomoke.

Lakini beti haitoshi kazi. Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa mwaka 2023 uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na kwa siku za namna hiyo wageni huwekewa viti vya mbele. Ipo haja ya kujua mapema nani wamebaki kati ya wale waliotangulia Lagos, wako wapi, na nani atawafuata. Na kwa Mtwara haja ni nyepesi zaidi. Waliovaa jezi ya Wana Kuchele mwaka 2014 wengi wao hawajafikia uzee. Wengine bado wanacheza. Daftari moja la shule latosha, na kijana mmoja mwenye subira ya kuuliza. Aandike mwaka, mchezo, na majina yote kumi na moja pamoja na walioingia kipindi cha pili. Aanze na beki namba mbili, akifika kwa mfungaji amwandike kwa wino ule ule.