Oili ilionekana chini, kumbe inavuja juu

Wazazi wenzangu, gari la familia likianza kunuka oili iliyoungua, huwa mnafanya nini? Wengi wetu tunafungua vioo, tunawaambia watoto wavumilie, na safari inaendelea. Leo nataka tuzungumze kuhusu harufu hiyo, kwa sababu nyumbani kwetu Kisaki ilibaki kidogo tu imeze ada ya mtoto.

Gari letu ni Toyota Noah ya zamani, ile ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Baba watoto hubeba abiria kwenda Morogoro mjini kupitia Mvuha, Matombo na Mkuyuni. Anayeijua barabara ile anayajua mashimo yake, na masika ikiingia ndiyo usiseme. Treni ya TAZARA inasimama hapa Kisaki, lakini haikufikishi Morogoro mjini. Kwa hiyo Noah ndiyo inayotulisha, na ndiyo majirani wanayoigongea mlango usiku mgonjwa akizidiwa.

Desemba ile harufu ilianza wakati wa kupanda milima tu. Baadaye moshi mwembamba ukawa unapenya kwenye kiti cha mbele, abiria wanakohoa. Asubuhi tulikuta doa la oili mchangani, usawa wa pale injini inapoungana na gia boksi. Fundi mmoja mjini alilala chini ya gari, akainuka na jibu: oili sili ya nyuma imekufa, lazima gia boksi ishushwe. Ufundi na spea, laki nne na nusu.

Hela hiyo tulikuwa nayo, ila ilikuwa ya binti yetu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na alishatuambia kwamba anataka kwenda VETA kusomea ufundi wa magari. Baba yake hakutaka kulisikia neno hilo. "Mtoto wa kike na grisi wapi na wapi?" Sasa gari nalo lilikuwa linaidai hela ileile. Nikaona binti ameacha hata kuitaja VETA.

Nikampigia simu kaka yangu, fundi wa matrekta wa siku nyingi. Kwetu Waluguru, na kwa Wakutu wa huku Kisaki pia, ukoo unahesabiwa kwa mama, na mjomba ana neno lake kwa watoto wa dada. Alipofika hakugusa spana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Lete tambara na tochi."

Alimwambia binti aifute injini yote, juu hadi chini, mpaka ing'ae. Kisha wakaiwasha na kuiacha ingurume robo saa.

"Haya, mulika. Unaona nini?"

"Chini bado pakavu, mjomba. Ila huku juu, nyuma ya kifuniko, pameanza kulowa."

"Basi. Oili haipandi mlima. Ukiiona chini, anza kuitafuta juu."

Kifuniko chenyewe ndicho mafundi wanachokiita tapeti kava. Kinakaa juu kabisa ya injini, na chini yake kuna gasketi ya mpira inayozuia oili isitoke. Joto la miaka huufanya mpira ukauke na kuwa mgumu kama plastiki. Hapo oili hupata upenyo, huteremka nyuma ya injini mpaka kwenye gia boksi, na anayetazama kwa chini tu huilaumu sili. Matone mengine huangukia bomba la ekzosi lenye moto. Ndiyo ile harufu, na ndiyo hatari yenyewe, maana oili juu ya chuma cha moto inaweza kuwasha gari likiwa na watu.

Gasketi ilikuja na basi kutoka Morogoro, pamoja na mipira ya matundu ya plagi na ya chini ya nati. Vyote vilitugharimu elfu thelathini na tano. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, walichomoa waya wa betri, wakatoa waya za plagi, binti akiziwekea alama ili kila moja irudi mahali pake. Nati za kifuniko alizilegeza zote kidogo kidogo. Gasketi ya zamani ilikatika vipande mkononi mwake.

Sehemu ndefu ilikuwa usafi. Mjomba alimkataza bisibisi, kwa sababu chuma cha pale ni laini na mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha oili upya. Alimchongea kipande cha mwanzi, naye akakwangua kwa saa nzima, matambara safi yakiwa yamefunika injini ili uchafu usidondokee ndani. Silikoni alitia tone tu kwenye pembe, panapoungana vipande viwili vya chuma. Ukiipaka kote, inayozidi hukatikia ndani na inaweza kuziba njia ya oili. Wakakagua na mpira wa kupumulia injini pamoja na valvu yake, maana ukiziba, hewa hukosa pa kutokea na kuisukuma gasketi hata kama ni mpya.

Baba yake alikuwa amesimama kando muda wote. Kazi ilipokwisha aliendesha mpaka Dutumi na kurudi, akapitisha karatasi nyeupe nyuma ya kifuniko. Ilitoka kavu. Hakumwuliza shemeji yake. Alimgeukia binti.

"Nati umekaza wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nguvu kiasi gani?"

"Mpaka ikae, halafu kidogo tu. Ukizidisha unaibana gasketi inapasuka."

Alinyamaza. Usiku, tukila, akaniuliza, "Mama, hivi fomu za VETA zinachukuliwa wapi?" Binti alisikia. Akainamia sahani yake, lakini niliona mabega yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Wazazi, sisemi kila mmoja afungue injini yake. Nasema haya machache. Pima oili kila wiki kwa kile kijiti chake, injini ikiwa imepoa na gari liko mahali tambarare. Ukisikia harufu ya oili inayoungua, simama na utazame. Ukiambiwa kitu kikubwa kimekufa, omba kwanza injini ifutwe iwe safi, ndipo uvujaji utafutwe. Kufuta hakuna gharama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wenyewe uujue uko wapi kwanza.

Na kwa mtoto ni vivyo hivyo. Binti yetu alikuwa amenyamaza, na ingekuwa rahisi kusema ana kiburi cha umri. Kumbe ukimya ule ulianzia juu, kwetu sisi wazazi tuliokuwa tunavutana juu yake. Kama unaye kijana anayesubiri matokeo, mpe kazi halisi ya mikono karibu na mtu anayeijua, kisha ukae pembeni umtazame anavyoifanya. Utajifunza mengi kuliko kwa kumwuliza maswali.