Kaseti Nyeusi

Jumamosi, 3 Agosti 2024
Shule zilifungwa jana na tayari nyumba imekuwa ndogo. Kijana wangu amenikokota hadi kwa fundi wa simu karibu na steji. Kwenye kabati la vioo, kati ya chaja na kava, kuna Nintendo DS Lite nyeupe ya mtumba, imemeguka kona moja, pamoja na kaseti ya Pokémon HeartGold. Elfu saba na mia tano. Nikacheka. Fundi hakucheka. "Mwalimu, hiyo ni orijino." Pale steji kila kitu ni orijino.

Jumapili, 4 Agosti
Nimesoma hadi usiku wa manane. HeartGold ilitoka Japani mwaka 2009. Ni gemu ya 1999 iliyoshonwa upya. Mtoto anaondoka kwao, anazunguka mji hadi mji akinasa viumbe, akiwafunza, akiwapambanisha na wa wenzake. Damu hakuna. Kiumbe akishindwa anazimia tu, anapelekwa kutibiwa bure na palepale. Bure!

Kilichonishika ni habari za Satoshi Tajiri, aliyeibuni Pokémon. Alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikusanya wadudu, mpaka miti na mashamba ya mpunga yakamezwa na majengo. Kumbe gemu hii ni msitu wa mtu aliyenyang'anywa msitu. Wetu bado upo, nauli ya matatu tu.

Jumanne, 6 Agosti
Nimerudi dukani peke yangu. Kaseti bandia za gemu hii ni nyingi mno. Ya kweli ni nyeusi, si ya kijivu kama kaseti nyingine za DS, kwa sababu ndani ina miali ya infraredi ya kuwasiliana na Pokéwalker, kidude cha kuhesabu hatua. Ukiiinua kwenye mwanga, inapenyeza wekundu. Nikaiinua juani, vijana wa boda wakinitazama kama mtu anayekagua noti ya elfu. Wekundu upo. Pokéwalker yenyewe haipo, na kwa hilo nimepunguziwa mia tano. Skrini zote mbili safi, bawaba imara.

Alhamisi, 8 Agosti
Hapa ndipo nilipokwama. Kaseti inahifadhi safari moja tu. Dada mtu akitaka kuanza yake, ya kijana inafutwa. Watoto wawili, safari moja: hiyo ni kesi ya shamba. Tena viumbe wengine wamewekwa kwenye SoulSilver, gemu pacha, ili mlazimike kubadilishana. Mtaani kwetu nani wa kubadilishana naye? Wenzao wote wako kwenye kibanda cha pleisteshen wanacheza mpira, shilingi ishirini mechi moja.

Nimepiga hesabu. Elfu saba ni mechi 350. Kwa kasi ya hawa wawili hazifiki Krismasi. Halafu DS inavumilia stima zikipotea, na zilipotea juzi, na jana pia. Maneno ni mengi, yote Kiingereza. Kijana anasoma polepole, atalazimika kusoma. Hilo nimeliandika upande wa faida. Yeye angeliandika upande wa pili.

Jumamosi, 10 Agosti
Tumekwenda Isecheno, msituni. Msitu wa Kakamega una zaidi ya aina 400 za vipepeo. Njiani niliwaambia kwamba ndani ya gemu kuna mbuga yenye mashindano ya kunasa wadudu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. "Leo ni Jumamosi," kijana akasema, kana kwamba tumechelewa. Dada yake alichora vipepeo wanane daftarini. Nilipowaeleza jinsi kiwavi anavyojifungia kwenye ganda kisha akatoka na mabawa, kijana akaguna: "Kumbe Butterfree, yule kipepeo wa Pokémon, wamekopi hapa."

Jumatatu, 12 Agosti
Nimenunua. Elfu sita na mia nane, baada ya fundi kuapa mara tatu kwamba anapata hasara. Sharti langu: safari ni ya wote wawili, kwa zamu, asiye na zamu anashika daftari. Ugomvi wa kwanza ulikuwa jina la mchezaji. Nafasi ni ya herufi saba, na hakuna aliyekubali jina la mwenzake. Bibi yao, aliyekuwa akichambua mboga, akasema wamwite Isukuti, kama ngoma yetu. Wakahesabu kwa vidole: saba kamili.

Sasa ni saa tatu usiku na bado hawajaondoka kijiji cha kwanza. Mmoja anataka kiumbe wa moto, mwingine wa maji.